Mgeni Ni Mimi

Mimi ni mtoto wa Mombasa, na kazi yangu ni kuonja kahawa. Nilijifunzia kwenye maghala ya kule kwetu, kisha kampuni ndogo ya Bukoba ikaniita nije kuwafundisha wakulima wake kutofautisha kahawa iliyokauka vizuri na ile iliyoanza kuvunda. Nilikubali siku hiyo hiyo. Tangu nihamie huku, siku zangu nyingi naziishi barabarani: leo Kanazi, kesho Muleba, vifurushi vya sampuli mapajani.

Usafiri wa umma haujanitisha hata siku moja. Wiki ya kwanza tu nilishajua kuwahi stendi nipate kiti cha jirani na dirisha la upande wa ziwa. Kilichonipiga chenga ni lugha. Nilikuja nikiamini kwamba Kiswahili ni changu na hakuna wa kunizidi. Nikakuta abiria wakipanda Haisi wanakiacha Kiswahili mlangoni. Wanaongea Kihaya, wanacheka mpaka wanafuta machozi, na mimi natazama migomba. Nikifungua mdomo kuomba kushuka, gari zima linageuka.

"Dada, wewe unaongea kama redio," dereva mmoja aliniambia. Kuanzia hapo nikawa dada wa Dar es Salaam. Sikujisumbua kukanusha.

Siku ninayotaka kuisimulia nilikuwa narudi Bukoba kutoka Muleba, asubuhi, mvua imetoka tu kunyesha. Jirani yangu alikuwa bibi mmoja mwembamba, kitenge kipya, rozari shingoni, kikapu kimefunikwa jani la mgomba. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, na Kiswahili chake kikaishia hapo. Akaingiza mkono kikapuni, akatoa punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, zile ambazo Wahaya hutafuna na kumkaribishia mtu, akaniwekea kiganjani. Mimi ambaye hulipwa kwa kuonja kahawa nilitafuna taratibu, nikaona ni nzuri kweli. Nikamwambia "wakola", asante, mojawapo ya maneno mawili ya Kihaya niliyokuwa nayo. Alifurahi, akanimiminia maneno mengine mengi. Nikatikisa kichwa tu.

Tulipofika kwenye kizuizi, gari likasimamishwa. Ofisa kijana wa uhamiaji, nguo zimenyooshwa vizuri, akachungulia ndani akaomba vitambulisho. Mkoa huu unapakana na nchi kadhaa, kwa hiyo ukaguzi si jambo la ajabu. Nilishatoa pasipoti yangu na kibali cha ukaazi, nikasema, "Habari za kazi, afande. Hizi hapa."

Hata hakutazama mkono wangu. "Wewe dada wa Dar starehe tu," akasema, akamgeukia jirani yangu. "Bibi, kitambulisho."

Bibi akapekua kikapu, akapapasa kiunoni, akaanza kueleza kwa Kihaya. Ofisa akamuuliza ametoka wapi. Akajibu kwa Kihaya. Akamuuliza tena polepole, kama mtu anavyosema na kiziwi. Bibi naye akajibu polepole, kwa Kihaya.

Dereva akaingilia. "Anasema kimebaki sandukuni, afande. Alisikia bintiye amejifungua, akatoka mbio."

"Kila mmoja huniambia kimebaki nyumbani," ofisa akasema. Hakuwa mkali, alionekana amechoka. "Bibi, naomba ushuke, gari liendelee."

Bibi alielewa ule mkono ulioonyesha mlango. Akashuka amekumbatia kikapu chake, akasimama kwenye tope na viatu vyake vya kanisani.

Nikashuka nyuma yake.

"Afande," nikasema, "kama unatafuta mgeni, mgeni ni mimi." Nikamwekea pasipoti mkononi.

Akaifungua. Akanitazama, akaitazama tena. "Mkenya?"

"Wa Mombasa. Hiki Kiswahili nimezaliwa nacho huko. Huyu bibi amezaliwa na Kihaya chake huku huku. Ukitupima kwa lugha utanipeleka mimi nyumbani kwake na yeye umrudishe Kenya."

Sikupandisha sauti, maana sikuwa na hofu. Karatasi zangu zilikuwa sawa na nilichosema kilikuwa kweli. Nyuma yangu nikasikia mlango. Abiria walikuwa wanashuka, mmoja mmoja, bila fujo, wanasimama upande wa bibi. Dereva akazima injini.

Ofisa akacheka kidogo, akajifuta paji la uso. "Hata mimi hapa mgeni. Kwetu Songea," akasema. "Sasa nisaidieni. Nani anamjua?"

Hakuna aliyemjua. Lakini bibi alipotaja kijiji chake, mama mmoja aliyeolewa jirani na huko akasema ana namba ya mwenyekiti. Akapiga, akaiweka simu kwa sauti kubwa. Mwenyekiti alipoitika, bibi akaitambua sauti. Akasogea kwenye simu, akaanza kufoka, kidole juu. Abiria wakavunjika mbavu.

"Anasema nini?" ofisa akauliza.

"Mbuzi," dereva akasema, anashindwa kuongea kwa kicheko. "Mbuzi wa mwenyekiti wamemaliza maharage yake."

Kutoka kwenye simu ikasikika sauti ya mwanamume mzima ikijitetea kwa unyenyekevu, "waitu, waitu", neno la heshima ambalo Wahaya humwambia mtu wanayemstahi. Ofisa hakuhitaji tafsiri zaidi. Alimshika bibi mkono mpaka kwenye ngazi ya gari.

"Unisamehe, bibi. Hongera ya mjukuu."

Tulipoondoka, dereva alimweleza bibi yote niliyosema. Akanigeukia, amepigwa na butwaa, akauliza swali refu.

"Anauliza kama kwenu kuna migomba," dereva akatafsiri.

"Ipo kiasi. Minazi ndiyo mingi."

Bibi akaguna kwa huruma nzito, akanishika goti. Kisha akaanza kunifundisha salamu za Kihaya, ya asubuhi, ya mchana, ya jioni, nikikosea gari zima linanirekebisha. Kabla hatujafika Kemondo nilikuwa na walimu kumi na zaidi.

Stendi ya Bukoba mkwewe alikuwa anamsubiri, kijana wa Kiislamu wa mjini, kofia kichwani. Akapokea kikapu. Nikataka kuaga, lakini bibi hakuuachia mkono wangu. Akamwambia kijana jambo, nikadaka neno moja tu, "omugenyi".

"Anasema wewe ni mgeni wake," kijana akanieleza. "Karibu, dada. Ni hapa Kashai tu."

Sampuli zangu zingeweza kungoja. Tulikwenda. Mzazi alikuwa ameketi kitandani, amechoka na anang'aa. Bibi alimnyanyua mtoto, akamtazama kwa muda, kisha akamlaza mikononi mwangu na kusema kitu kwa sauti ya amri.

Mzazi akatabasamu. "Mama anasema umshike vizuri shingo. Yeye anakwenda kumenya ndizi, na wewe ukishamaliza kubembeleza utamfuata jikoni."