Kisu cha Xaveria

Mibuni minne michanga ya Rwegoshora ilikuwa imenyauka upande mmoja, na Xaveria hakupenda alichokiona. Nyaishozi nzima ilimwita yeye kila mti ulipougua. Alipiga magoti kwenye matandazo, akachomoa kisu chake na kubandua gome karibu na udongo.

"Ni jua tu, siyo, Mama Benitha?" Rwegoshora alimuuliza.

Chini ya gome palikuwa peusi.

"Jua gani! Huu ni ugonjwa wa mnyauko. Ng'oa yote minne, uichome hapa hapa." Hasira zilimpanda Xaveria. "Nani kaingia humu na panga lenye ugonjwa? Nimewaambia mara ngapi mpitishe chuma kwenye moto kabla ya kugusa mti mwingine?"

Rwegoshora aliinamisha macho. "Hajaingia mtu. Ni wewe tu, ulipokuja kunipogolea mwezi wa tatu. Ulikuwa umetoka kumpogolea dada yako."

Mibuni ya dada yake ilikuwa imekauka yote wiki iliyopita. Xaveria alikitazama kisu mkononi, kisha akaitazama mibuni arobaini iliyobaki, ya kijani kibichi. Siku ile aliipogoa yote.