Ukuta wa Bibi na Nyigu wa Kijani

Harufu ya saruji mbichi ndiyo iliyonilaki nyumbani. Nilishuka kwenye pikipiki mbele ya uwanja wa bibi, kule kwetu Handeni, nikiwa na begi la vichupa na vibanio, na kabla sijapiga hodi nikajua kuna jambo limeharibika. Nyumba ya miti na udongo nilimolelewa ilikuwa imepigwa lipu kutoka msingi hadi chini ya bati, ikapakwa chokaa juu yake, nyeupe mpaka inaumiza macho. Baba mdogo alisimama mlangoni amevaa kanzu ya Ijumaa na wala haikuwa Ijumaa. Wake za binamu zangu wakapiga vigelegele. Nikasema shikamoo baba mdogo, akaitikia marahaba huku anaupapasa ukuta, anangoja nisifie. Nami, ndugu yangu, nikakaa kitako juu ya begi langu.

Ngoja nikueleze ukuta ule ulikuwa na nini, maana siku ile pale nyumbani hakuna aliyenielewa, na nimechoka kulilia moyoni.

Nililetwa kwa bibi, mama yake baba, nikiwa na pengo la meno ya mbele. Kwetu Handeni maji ni kitu cha kufuatwa. Asubuhi tulikwenda lamboni na ndoo kichwani, tukarudi shingo zimekauka, tukajaza mtungi uliokaa kwenye kona ya ukumbi. Mchana tulitwanga muhogo mkavu, jioni tulikula bada, ugali wa muhogo huo, kwa mboga ya mchunga, na mchunga ule ulikuwa mchungu kweli, lakini bibi akiutia karanga ungelamba bakuli. Sauti ninazozikumbuka ni chache. Mchi kinuni. Mbuzi wa jirani. Na ile ya ukutani, zii, zii, zii, ya nyigu wa udongo akijenga.

Unamjua nyigu wa udongo. Mweusi, kiuno chembamba kama uzi. Huchukua tope, akalifinyanga ukutani kuwa kichumba, akakijaza buibui aliowachoma wakalegea, akataga yai, akaziba mlango. Tope lake alilitoa chini ya mtungi wetu, pale palipolowana daima. Siku za ukame, tulipooga kwa kikombe, bibi bado alimwaga masazo ya maji pale chini makusudi. Nilinung'unika, maana ni mimi niliyeyabeba. Aliniambia, "Na yeye anajenga, mke mwenzangu." Ndivyo alivyoniita, kwa utani wa bibi na mjukuu, na hadi leo ndivyo anavyoniita.

Wema huo ulikuwa na sababu yake. Wanawake wenye mimba wa kijiji kizima walikuja kwa bibi kuomba udongo wa nyigu. Walisema unatuliza kichefuchefu, tena una harufu ya mvua ya kwanza. Bibi alichukua kisu cha jikoni, akabandua donge, akawafungia kwenye pindo la kanga. Ila alikuwa na sharti, na alilisimamia kuliko masharti ya mwezi wa Ramadhani: donge lenye tundu linabanduliwa, maana aliyekuwamo ametoka, donge lisilo na tundu haliguswi. "Nyumba iliyofungwa ina mwenyewe," alisema, na nilipigwa kofi mara moja tu kwa kulisahau hilo.

Kwa hiyo kazi yangu ikawa kulinda. Nilikaa chini ya ukuta na kibuyu changu cha uji, nikingoja matundu yatokee. Na siku moja, kwenye donge nililoliona likijengwa na nyigu mweusi, kwa macho yangu, tundu likatoboka na akatoka mdudu wa kijani. Kijani gani, sijui nikuambieje. Mdogo kama punje ya choroko, na anameta, kifuani ana mkanda wa zambarau. Nikamgusa, akajikunja duara akatulia kiganjani. Nikakimbia kwa bibi: mama mweusi amezaa mtoto wa kijani!

Bibi alikuwa anachambua mboga. Hakuinua hata macho. "Hayo ya kuzaa mtoto asiyefanana na nyumba yapo hata kwa watu, mke mwenzangu. Nyamaza, usije ukavunja ndoa ya mtu."

Nimekuwa mtu mzima, nimesoma, na sasa najua kilichotokea. Nyigu wa kijani hajengi. Humvizia mweusi akiwa ameenda kutafuta buibui, akaingia, akataga yai lake mle ndani. Mtoto wa kijani humla mtoto wa mwenye nyumba, akakua, akatoka kwa mlango alioutoboa mwenyewe. Nyigu wa namna hii, wanaoishi kwa kuwala watoto wa wadudu wengine, ni wengi ajabu duniani, na wengi wao bado hawajapewa jina na mtu yeyote. Kuwatafuta na kuwapanga, nani ni ndugu wa nani, ndiyo kazi yangu.

Nilipofaulu kwenda sekondari Korogwe, nikakaa kwa shangazi pale Masuguru, nilimchukua mmoja wa kijani ukutani kwa bibi. Nilimtia kwenye kichupa cha dawa ya sindano, pamba chini, pamba juu, nikampelekea mwalimu wa biolojia. Mwalimu huyo alikuwa mkali, tulimwogopa hata akicheka. Alimweka chini ya hadubini moja tuliyokuwa nayo, akainama, hakuinuka hadi kengele ikalia na darasa likatoka. Kisha akanisogeza nichungulie. Nikauona ule mkanda wa zambarau umejaa vishimo vidogo vidogo, kila kishimo na mwanga wake. Nililia, na sikujua kwa nini. Mwalimu akasema, "Kiumbe kisicho na jina hakina wa kukitetea." Akamchoma pini, akaandika kikaratasi: Handeni, ukuta wa nyumba.

Mdudu yule alitumwa chuoni kwa wataalamu. Njiani akakatika. Kichwa na kifua vilifika, sehemu ya nyuma haikufika. Akawekwa kwenye droo na watu wakamsahau, hadi mimi mwenyewe, baada ya miaka mingi na masomo mengi, nilipoivuta droo ile na kukuta mwandiko wa mwalimu wangu.

Sasa sikiliza balaa. Nyigu hawa wa kijani hutofautishwa kwa ncha ya mkia. Pana vijino pale, wengine vitatu, wengine vinne, wengine hawana, na umbo la vijino hivyo ndilo linalosema huyu ni nani. Nimemlinganisha wangu na kila anayejulikana. Kichwa si chao, kifua si chao, ule mkanda hakuna mwingine aliye nao. Lakini mkia hana. Kupima vinasaba tumejaribu, amekauka mno. Profesa wangu, ambaye si mtu mbaya, alivua miwani akaniambia, "Leta mwingine mzima. Huyu nusu hatuwezi kumpa jina." Bila jina hayumo katika kitabu chochote. Hata akitoweka kesho, hakuna atakayejua kwamba alikuwapo.

Nikaanza kumtafuta. Nilikwenda Mazinde, kwenye kambi za zamani za wakata mkonge, nikakuta weusi na madonge yao, wa kijani hakuna. Nilikwenda Hale, nikazunguka nyumba za wafanyakazi wa umeme hadi mlinzi akaniuliza kama nimepotelewa na mtu. Nilipata wa kijani wawili, nikashangilia njia nzima hadi Masuguru, na chini ya hadubini wakawa wa kawaida, wenye jina tangu zamani. Misimu ikapita. Nikabaki na sehemu moja tu, niliyokuwa nimeiweka akiba moyoni maana niliamini ipo na itaendelea kuwapo. Ukuta wa bibi.

Nikampigia simu baba mdogo. Nilimweleza vizuri kabisa: nakuja kwa ajili ya wadudu waliomo ukutani kwa bibi, na wiki ya pili atakuja mwenzangu wa chuo kuupiga picha ukuta. Akasema, "Nimekuelewa mwanangu. Wewe njoo, hutajuta."

Basi siku ile nimekaa juu ya begi, akanieleza kwa furaha jinsi alivyonielewa. "Ulisema ukuta una wadudu na wageni wa chuo wanakuja kupiga picha. Nikasema mwanetu hataaibika. Nimepuliza dawa, nimekwangua yale madonge yote, nimepiga lipu. Usipoziba ufa utajenga ukuta! Nimeziba wote."

Nikamuuliza madonge ameyatupa wapi. Bado nilikuwa na tumaini, unaona, nilikuwa tayari kuchakura jalala kwa mikono. Akanishika bega akaniingiza ukumbini, akakanyaga sakafu mpya kwa kisigino, tap tap. "Hatukutupa kitu. Tumeshindilia humu chini, sakafu imeinuka. Mvua haiingii tena."

Nilikuwa nimesimama juu yao. Nilitaka kupiga kelele, nilitaka nyundo. Baba mdogo alikuwa ameuza mbuzi wake kwa ajili ya ile saruji, na kila mtu pale alikuwa ananitazama usoni, anasubiri uso wangu ufurahi. Nikasema ahsante baba mdogo. Nikasema pamependeza. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema, na mimi nilikuja, nao wamepona vizuri, wana ukuta.

Bibi alikuwa chumbani kwake. Macho yake yamezibwa na mtoto wa jicho, hakuiona hata hiyo chokaa. Nilimwamkia, nikaweka kichwa mapajani mwake nikalia kama siku nilipoletwa. Alipapasa pindo la kanga yake, akalifungua fundo, akanitia donge mkononi.

"Nilimwambia baba yako mdogo, yenye mwenyewe haiguswi. Akanicheka. Akanibandulia hili moja kabla ya kupuliza, ninyamaze." Nikalizungusha kwa kidole. Lilikuwa zima, mlango umezibwa, hakuna tundu.

Nililibeba hadi Masuguru nimelikumbatia kifuani, basi likiruka kwenye matuta mimi naruka nalo. Nikaliweka kwenye chupa ya jamu, nikafunika kwa kitambaa cha chandarua, nikaiweka juu ya kabati la vyombo la shangazi. Sikutoka nyumbani. Shangazi alipika, nikala bila kujua nakula nini. Akanitania kwamba hata mwanaume hajawahi kuningojesha hivyo. Niliomba, ndugu yangu. Mtoto wa nyigu mweusi mle ndani hakuwa amenikosea chochote, na mimi niliomba awe ameliwa. Niliomba kila swala.

Alfajiri moja nikasikia mkwaruzo. Udongo ukalowa kidogo, ukabomoka, tundu likatokea. Mguu. Kisha kichwa. Cheusi. Akatoka mzima, akakunjua mbawa, kiuno chembamba kama uzi.

Sikulia. Niliichukua ile chupa nikapanda basi la Handeni, sijui kwa nini, labda kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumwambia. Bibi alikuwa amekaa kitandani, anasikiliza.

"Ametoka nani?" akauliza.

"Mweusi, bibi."

Akacheka, meno yake mawili yakaonekana, akapiga makofi. "Alhamdulillahi! Basi mwenye nyumba amesalimika."

Angekuwa mwingine ningemjibu vibaya. Lakini alikuwa na furaha ya kweli, na kwa kweli alichosema ndicho kilichotokea. Nilifungua chupa. Nyigu akatoka, akauzunguka ukuta mweupe, zii, zii, akatua, akauparura kwa miguu, akaruka, akatua pengine. Bibi aligeuza uso kuifuata sauti ile, kinywa wazi, kama mtoto anayesikia ngoma za mbali. "Mbona siku hizi nilikuwa siwasikii," akasema. "Nilidhani na masikio yamekufa."

Mtungi haupo tena, kuna simtanki nyuma ya nyumba na bomba lisilovuja. Wenye mimba wananunua udongo dukani, umefungwa kwenye plastiki. Huenda nyigu wa kijani yupo bado mahali, kwenye mwamba, kwenye kibanda cha mchungaji huko Kilindi, sijui, na nitaendelea kutafuta maana sina kazi nyingine ninayoiweza. Jina nimeshalichagua zamani, ni la bibi. Nimelifungia moyoni na wa kumpa sina.

Yule mweusi akaliona dirisha, akatoka. Chumba kikawa kimya. Bibi aliendelea kuinamisha kichwa upande wa ukuta.

"Amehamia kona gani, mke mwenzangu?" akaniuliza.

Nikamwambia anajenga.