Aonje Kwanza Aliyeleta

Mpawenimana alikwisha kutia saini karatasi ya kurudi kwao mara moja maishani mwake, na mara hiyo moja ilimtosha. Waliomchagua awe wa kwanza kusaini mbele ya wageni, Jumatano ile kambini Kibondo, ni wazi hawakumuuliza mtu yeyote anayemfahamu. Wangemuuliza Theodosia wa Murungu, angewashauri wajitafutie mwanamke mwingine.

Lakini hakuzaliwa mkaidi, na ni haki yake tuseme alifikaje hapo. Alizaliwa Burundi, kwenye kilima kimoja cha Makamba, ambako shamba la baba yake lilianzia migombani na kuishia kijitoni. Mwaka 1993, vita vilipopamba moto, alivuka mpaka wa Manyovu akiwa na miaka kumi na tisa. Mumewe, Nduwayezu, alitangulia na godoro kichwani, yeye akafuata na mimba ya miezi saba. Binti yao Valeria alizaliwa Kasulu, ndani ya hema, mvua inanyesha. Tangu siku hiyo amekuwa Mama Valeria kwa Waha, wenyeji wa huku, na kwa Warundi, na ukimuulizia kambini kwa jina lake mwenyewe watu wengine watakutazama tu.

Kasulu alikaa karibu miaka ishirini. Alifanya vibarua kwenye mashamba ya Kitanga, akajifunza Kiswahili sokoni kwa kubishania bei ya maharage, akakijua kiasi cha kuweza kumtukana mtu na kumwomba radhi kwa pumzi moja. Kisha wakaja watu wenye karatasi. Walisema Burundi imetulia. Mataifa makubwa yamesimamia mazungumzo, majeshi ya kulinda amani yamekwenda na yamemaliza kazi, fedha za kujenga upya zimetolewa. Nduwayezu akasaini. Naye, kwa kuwa alikuwa bado anaamini karatasi, akasaini.

Walipewa masufuria, mablanketi, mbegu na safari ya bure. Kilimani walikuta familia nyingine inaishi ndani ya shamba lao, nayo ina karatasi yake yenye muhuri. Baada ya kesi ndefu waligawana ardhi, wao wakaachiwa upande wa mawe. Haikupita miaka mitatu, mwaka 2015, wanaume asiowajua walifika wakati wa chakula cha jioni wakamwita Nduwayezu nje. Alitoka na tonge mkononi, hakurudi. Nani aliwatuma, Mpawenimana hajui mpaka leo, na wanaojifanya wanajua kila mmoja ana jina lake la kumtajia. Alingoja siku nne. Siku ya tano alijifunga khanga, akatembea mpaka mpakani, na safari hii wakampeleka Kibondo.

Hapo Kibondo ndipo alipokutana na Theodosia, Muha wa Murungu, mjane mwenzake, mwenye migomba mingi na mdomo mrefu. Kila mmoja aliongea lugha yake na mwenzake akaelewa, na kilichobaki walikimalizia kwa Kiswahili. Walianza kupika pombe ya ndizi pamoja kwa Theodosia, kila Mpawenimana alipopata kibali cha kutoka. Ndizi wanazivundika shimoni siku tano, wanazikamua kwa majani makavu, wanachanganya juisi na mtama uliokaangwa, wanaiacha ichachuke. Hakuna la ajabu hapo, wanawake wa huku wote wanajua. Yeye alijulikana kwa sababu pombe yake haijawahi kumuumiza mtu tumbo, na kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kupokea kinywaji mkononi mwake kabla yeye mwenyewe hajakionja mbele yake. Huo ndio utaratibu wa huku, uwe Muha au Mrundi: mwenye kuleta kinywaji anaonja kwanza, mgeni anamwona anameza, ndipo naye anakunywa. Ukimpa mtu chungu bila kuonja, umemtukana, na akifa kesho hutapata mtu wa kukutetea.

Sasa turudi kwenye Jumatano ile. Kambi ilikuwa inapunguzwa. Tangazo lilisema tena kwamba Burundi ni shwari, warudi kwa hiari yao. Asiyesaini ataitwa mbele ya kamati aeleze kwa nini bado anahitaji hifadhi, na wengi waliokwisha kuitwa walitoka humo wamekataliwa. Mtaa wa Mpawenimana ulikuwa na kaya arobaini na mbili. Hakuna iliyosaini. Kila ukiuliza, wanawake walikuwa na jibu moja: tunamwangalia Mama Valeria.

Ndiyo maana wiki moja kabla Nickson alimfuata nyumbani kwake. Nickson ni mtumishi wa ofisi ya urejeshaji wa wakimbizi, mtu wa Iringa aliyehamishiwa Kibondo mwaka juzi, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku za vumbi. Si mtu mbaya. Tatizo lake ni kwamba anapenda shughuli iende vizuri.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na ile karatasi?"

"Nimekuja na ombi. Jumatano tunapokea ujumbe kutoka nchi wafadhili. Ndio waliosaidia amani ya kwenu, wanataka kuona matunda yake. Wageni wanapenda utamaduni. Tungeomba ulete ile pombe yako, umkaribishe mgeni mkuu kwa desturi zenu."

"Halafu?"

"Halafu kuna meza. Utakuwa wa kwanza kusaini. Wewe ukisaini, mtaa mzima utafuata, na mimi sitalazimika kuwapeleka mbele ya kamati mmoja mmoja. Ile kamati haina huruma, mama, nakwambia ukweli."

Mpawenimana alimtazama. Aliogopa, tusifichane. Alikuwa na miaka hamsini na moja, magoti yanauma, hana mume wala shamba, na kamati ikimkataa hakuwa na pa kuuliza tena.

"Pombe nitaleta," alisema.

Nickson akafurahi, akaandika kwenye daftari lake, akaenda. Hilo la saini hakulirudia. Laiti angezaliwa Kibondo, angejiuliza mara mbili kabla ya kumwambia mwanamke wa huku amkaribishe mgeni kwa desturi, mbele ya watu mia tano, halafu papo hapo ampe kalamu.

Siku ilifika. Walifunga maturubai, wakapanga viti vya plastiki, wakawasha spika zilizokuwa zinakoroma zaidi ya kusema. Mgeni mkuu alikuwa mama wa makamo, nywele nyeupe, raba miguuni, na uso wa mtu anayesikiliza. Alizungumza kwa Kiingereza na Nickson akatafsiri. Alieleza jinsi nchi zao zilivyosimama na Burundi: usuluhishi, mafunzo ya polisi na mahakimu, waangalizi, shule zilizojengwa upya. Mengine yalikuwa kweli kabisa, na Mpawenimana, aliyekaa mstari wa mbele na chungu chake miguuni, alitikisa kichwa kukubali palipostahili. Hakuja kubishana na shule.

Kisha akaitwa. Alibeba chungu mpaka mbele, akapiga goti moja, akachovya kata, akanywa mafunda mawili makubwa polepole ili kila mtu aone koo lake linavyopanda na kushuka. Akachota tena, akampa mgeni kwa mikono miwili.

Nickson, kwa fahari, alieleza kwenye kipaza sauti, kwa Kiingereza halafu kwa Kiswahili: "Hii ni desturi nzuri sana ya hapa. Anayeleta kinywaji huonja kwanza, kumhakikishia mgeni kwamba ni salama." Mgeni akatabasamu, akanywa, akakunja uso kidogo, akanywa tena. Watu wakacheka. Shughuli ilikuwa inaenda vizuri.

Wakamwonyesha meza. Karatasi ilikuwa juu yake, na kalamu, na wapiga picha wamechuchumaa. Mpawenimana alishika kalamu. Wanawake wa mtaa wake walisimama wote.

"Mwanangu Nickson," alisema, na kipaza sauti kilikuwa bado karibu. "Nina swali kwa mgeni. Kwetu Makamba alifika?"

Nickson aliuliza. "Ndiyo, miezi miwili iliyopita. Anasema ni pazuri sana. Aliona shule mpya na zahanati."

"Alilala?"

"Hapana. Alirudi mjini mchana uleule."

"Alikwenda na nani?"

"Mama, tusaini kwanza, maswali yatafuata."

"Mwulize."

Nickson akauliza. Jibu lilimchukua muda kulileta. "Na wenzake wa ofisi. Na magari mawili ya askari, moja mbele na moja nyuma."

Mpawenimana aliweka kalamu mezani. Sauti yake haikupanda. Waliokuwapo wanasema hiyo ndiyo iliyowanyamazisha, kwa sababu kama angepiga kelele viongozi wangemtoa.

"Mwambie hivi, na usipunguze hata neno. Mimi nimemletea pombe, nikaonja mbele yake, akaniona nimemeza, ndipo akanywa. Yeye ameniletea amani. Nashukuru. Basi naye aonje kwanza. Tuondoke pamoja kesho, mimi na yeye, bila askari. Tulale kwetu kilimani siku tatu, nitampikia, nitampa kitanda nilale chini. Siku ya nne nasaini, na kaya arobaini na mbili zinasaini nyuma yangu. Nilishakunywa bila kuona aliyeonja. Iliniondolea mume."

Nickson angeweza kutafsiri kwa ulaini. Lakini katika umati walikuwamo walimu wa kambini wanaojua Kiingereza, na, ili tumpe haki yake, nadhani hata bila wao angesema vilevile. Alitafsiri yote. Mgeni alivua miwani. Alimgeukia mwenzake mmoja aliyekuwa na redio kiunoni, wakanong'ona, mwenye redio akatikisa kichwa kukataa, mara mbili. Mgeni akasema sentensi fupi, macho chini.

"Anasema angependa sana," Nickson alisema.

"Lakini?"

"Lakini taratibu zao za usalama haziruhusu mfanyakazi wao yeyote kulala kule."

Watu mia tano walisikia. Spika, ambazo asubuhi yote zilikuwa zinakoroma, zilitoa sentensi hiyo ikiwa safi.

"Haziruhusu," alisema Mpawenimana.

"Haziruhusu, mama."

"Mwambie na mimi ninazo taratibu za usalama. Hazikuandikwa popote, ila nazo haziruhusu."

Akachukua chungu chake, kilichokuwa bado na nusu, akarudi kukaa. Nyuma yake wanawake wa mtaa wake walikaa pia, mmoja baada ya mwingine. Mwenyekiti wa kambi alishika kipaza sauti, akatangaza kwamba ratiba inaendelea na ngoma. Hakuna aliyecheza.

Usidhani alirudi nyumbani akijipigapiga kifua. Alirudi akakaa kitandani na viatu miguuni. Theodosia, aliyesimuliwa mambo yote kabla jua halijazama, alikuja kesho yake na mkungu wa ndizi na matusi.

"Wewe utafukuzwa ulimwengu mzima," alisema. "Ungeandika tu hilo jina, ukatafuta njia nyingine."

"Njia ipi?"

Theodosia alifikiri. "Hakuna," alikiri, akaanza kumenya ndizi.

Siku kumi zilipita bila kamati kumwita. Siku ya kumi na moja Nickson alikuja, safari hii hana daftari. Alimweleza kwamba yule mgeni aliandika barua kabla hata hajafika uwanja wa ndege. Ilikubaliwa kwamba mtaa utachagua mtu wake mmoja, aende Makamba, alale, aangalie, arudi kuwaeleza wenzake. Kamati haitamwita mtu yeyote wa mtaa huo mpaka mjumbe arudi. Na wanawake walikwisha kumchagua, hawakuhitaji hata kikao.

"Wanatoa gari na askari wa kukusindikiza," alisema Nickson.

"Gari nakubali, magoti yangu mabovu. Askari sitaki. Nikilala nyuma ya askari nitakuwa nimeonja nini?"

"Mama, naogopa kwa ajili yako."

"Ogopa, mwanangu. Mimi pia naogopa. Lakini safari hii naenda kwa kuulizwa, siendi kwa kuambiwa."

Aliondoka Jumatatu asubuhi. Wanawake wa kaya arobaini na mbili walijipanga kando ya barabara ya vumbi, na Theodosia alikuwa amekuja toka Murungu, hataki kumtazama usoni. Valeria, aliyesafiri toka Kasulu alikoolewa, alikuwa ameshika dirisha la gari kwa mikono yote miwili. Dereva akawasha injini. Mpawenimana akamwomba azime kidogo.

"Nakaa siku tatu," aliwaambia. "Nikirudi, nitawasimulia mazuri na mabaya, sitatia chumvi. Kama kumetulia kweli nitasaini wa kwanza, na nitawacheka mnaobaki."

Alitoa mikono ya binti yake dirishani, kidole kimoja kimoja.

"Nisiporudi, mtakuwa mmeshaniona nimeonja. Msisaini."