Kidole cha Fundi

Fundi wetu wa mtambo amechapa kila sheria ya nchi hii kwa miaka ishirini na miwili, na hajawahi kupiga kura hata moja. Mimi ni mfunga vitabu, meza yangu inapakana na mtambo wake, kwa hiyo sababu naijua. Jumatatu tunachapa sheria, na tarehe ya kupitishwa iko palepale juu. Alhamisi waheshimiwa wanaijadili. Mwaka juzi dereva alikosea, akawapelekea nakala mapema, wakakuta mezani sheria ambayo hawajaijadili imeshapitishwa. Unadhani kuna aliyeuliza? Mmoja alisimama, akalalamika kwamba karatasi ni nyepesi mno. Kisha wote wakaitikia "Ndiyooo" kama watoto wa chekechea, wakaenda kunywa chai.

Fundi huigiza ile "Ndiyooo" kila siku, tumbo mbele, macho ameyafumba. Tunacheka mpaka tunapoteza hesabu ya kurasa.

Mwaka huu mkewe, mwalimu, alimkazia.

"Baba watoto, nimechoka. Kama huendi kupiga kura, usinilalamikie tena serikali humu ndani. Hata neno moja."

Hapo alimshika pabaya. Mtu huyu asipolalamika, chakula hakishuki. Siku tatu alikula kimya, akanyong'onyea. Siku ya uchaguzi, tulipotoka zamu ya asubuhi, akajipanga kwenye foleni, akizisonya picha za wagombea moja moja ukutani. Mimi nilikuwa nyuma yake.

Karani akatazama kidole chake. Cheusi tii, na wino wa mtambo hautoki hata kwa petroli.

"Mzee, wewe umeshapiga."

"Huu wino wa kazini, bwana! Hizo karatasi zako nimezichapa mimi!"

"Wote mnasema hivyohivyo. Anayefuata!"

Nilipomtetea, karani akaviona vidole vyangu, navyo vimejaa madoa, akatuonyesha mlango sote wawili. Fundi alitoka akiidai kura yake kwa sauti. Sikujua kama mtu anaweza kukililia hivyo kitu alichokidharau maisha yake yote.

Nilimsindikiza nyumbani. Mkewe alikuwa anapakua. Kidole hakukitazama, amekizoea.

"Umepiga, baba watoto?"

Fundi alinitazama, akaitazama sahani.

"Ndiyo," alisema. Safari hii hakuwa anaigiza.

Kisha akavuta kiti, akaanza kuwasema waheshimiwa kwa unafiki wao, na mimi nikashindwa kula.