Nilifuta Wimbo Ambao Marehemu Alimwachia Mke Wake

Kosa ni langu. Nalitaja mapema ili mkiendelea kusoma msimtafute mwingine wa kumlaumu. Si mashine, si Shetani, si fundi. Ni mimi, kwa kidole gumba changu hiki hiki.

Jina sitaliandika. Nikilitaja, hata mtoto wa Kamembe atakuonyesha mlango wangu. Mimi ni mtu niliyejitengeneza. Shule niliacha darasa la tatu, nikaanza kubeba simenti mgongoni karibu na mpaka wa Rwanda na Kongo, vumbi linaniingia mpaka kwenye meno. Leo simenti hiyo wanaibeba wengine, na wanaiingiza katika depo yangu. Nyumba yangu ina vigae. Gari ninalo. Na sikushikwa mkono na mtu!

Nasema haya mjue kwamba akili ninayo. Nilikuwa na akili ya kila kitu, isipokuwa ya kumwamini mtu.

Kwaya yetu ilinichagua kuwa prezida, yaani mwenyekiti. Kuimba sijui, sauti yangu ni kama mlango usiotiwa mafuta. Lakini viti nilinunua mimi, sare nilishonesha mimi, na diktafoni, kile chombo kidogo cha kurekodi sauti, nilikileta mimi. Kinaingia katika mfuko wa shati. Kina kioo kama ukucha na kitaa chekundu.

Kwetu nyimbo haziandikwi. Mtunzi wetu alikuwa Papa Zawadi, seremala wa kule Nkanka, mtu aliyekulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Alikuwa akija na wimbo kichwani, anawaimbia sauti ya kwanza, ya pili, besi, na wao wanashika. Asiyeshika leo, kesho amepotea. Ndiyo maana chombo changu kilikuwa kitu kikubwa. Kila zoezi nabonyeza, kitaa kinawaka, na kabla hawajafungua midomo natamka: "Hapa ni prezida, mimi ndiye niliyenunua chombo hiki." Halafu ndipo wanaimba.

Kila wimbo ulianza hivyo. Sikuona ubaya wowote!

Sasa, siku moja kwaya fulani ya Bukavu ilivuka kuja kwenye sherehe huku kwetu, ikaimba wimbo uliofanana na wetu. Pengine kiitikio tu. Lakini mimi damu ilinipanda. Nikajua ndani yetu kuna mwizi. Tangu siku hiyo chombo hakikutoka mwilini mwangu. Hata nikioga nilikiweka dirishani, nakiangalia katikati ya povu la sabuni.

Papa Eliya, mwalimu wetu wa nyimbo, ambaye kazi yake ni kutengeneza pikipiki, alikuja kunishauri tuweke nakala kwenye kompyuta.

"Prezida, tuzitie na kwa ordinatere, tena kwa flashi. Mashine moja ikikufa, tunabakia na ingine."

"Kwa ordinatere ya nani?"

"Yangu, ile ya gereji."

"Na pikipiki za nani zinaingia kwa gereji yako?"

"Za kila muntu, Prezida."

"Za watu wa Bukavu pia?"

"Pia."

"Bon. Jibu umejipa mwenyewe!"

Alicheka akidhani natania. Akaniomba basi aweke tu saa na tarehe, maana kila wimbo ulijiandika tarehe moja ya mwezi wa kwanza, na aupange kila wimbo mahali pake. Nikakataa. Nilimwambia mpangilio uko kichwani mwangu. Uongo mtupu! Zote zilirundikana humo kama magunia yasiyohesabiwa.

Halafu Papa Zawadi akaugua. Ini. Alikauka akabaki macho na vidole. Akanituma mtu nije Nkanka na chombo.

Nilimkuta ameegemea ukuta, gitaa mapajani. Mke wake, Maman Zawadi, ambaye ndiye sauti ya kwanza ya kwaya yetu, alikuwa anamenya viazi. Mume akamwambia: "Mama, enda kwa jirani unitafutie ndizi bivu." Yule mama alitutazama sisi wawili, akatazama kitaa cha chombo, akafunga kitenge vizuri, akatoka.

"Prezida, washa," akasema. "Huyu haiko wimbo ya kwaya. Ni ya Maman Zawadi. Siku ya kuondoa kilio, umusikilizishe. Mbele ya ile siku, hata muntu mumoja asisikie."

Nikamwambia uko salama mikononi mwangu. Nikawasha. Na hata pale, mbele ya mtu anayekufa, nikatamka: "Hapa ni prezida, mimi ndiye niliyenunua chombo hiki."

Akaimba. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kialama cha betri, kilikuwa kimebaki kidogo. Nilikuwa namwomba Mungu betri isizime. Shikeni hapo, nitaparudia.

Tukamzika. Familia ikaweka siku ya kuondoa kilio, yaani kumaliza matanga, baada ya mavuno.

Maman Zawadi ni mwuzaji wa nyanya. Kila asubuhi anavuka na beseni lake, anauza Bukavu, jioni anarudi. Amezaliwa kule, na kaka yake anaimba katika kwaya ya kule. Unaona? Kichwa changu kilishaunganisha yote! Akaja depo kwangu, akasimama kando ya simenti.

"Prezida, ule siku alinituma ndizi, aliimba nini? Alinambiaka tu: Prezida iko na kitu yako."

"Siku ikifika utasikia."

"Ni sawa, nitangoja. Lakini minaomba basi zile nyimbo zingine, hata kidogo tu. Batoto banasahau sauti ya baba yabo."

Watoto kweli? Au ni kaka? Mwanamke anayevuka mpaka kila siku anaomba nyimbo zetu, na mimi nimpe? Nikamwambia chombo ni mali ya kwaya. Akainama, akaokota beseni, akaenda. Nilimfuata kwa macho mpaka akapotea kwenye kona, niangalie kama atampigia mtu simu.

Sasa sikieni nilichofanya.

Siku ya zoezi nikasema ninaitwa depo. Kabla ya kutoka nikaacha chombo kimewaka nyuma ya ngoma kubwa, nimekizungushia kitambaa. Baadaye nikarudi kama mtu aliyesahau kofia, nikakichukua. Kesho yake nikajifungia garini, vioo juu, jua linaniunguza, vijiti vya kusikilizia masikioni.

Kwanza viti. Kikohozi. Kisha nikamsikia Papa Eliya akiiga sauti yangu, ile ya mlango: "Hapa ni prezida, mimi ndiye niliyenunua chombo hiki!" Wote wakacheka. Maman Zawadi akadakia:

"Siku Prezida atakufa, kwa kaburi bataandika: mimi ndiye niliyenunua shimo hili!"

Ayi! Kicheko kilichofuata kilinitoboa masikio. Watu niliowavisha sare! Wamekalia viti vyangu!

Kilipotulia, nikamsikia yeye tena: "Tuimbe zote kwa kichwa, chombo kikiharibika tusipotee. Jumapili nitavuka nazo Bukavu..."

Nikavichomoa vile vijiti. Inatosha! Mwizi nimemkamata kwa kinywa chake mwenyewe. Yaliyofuata sikuyasikiliza. Nilikuwa nimeshapata nilichokuwa natafuta.

Nikapanga kuwafungulia wote wasikie siku ya zoezi. Shida ikawa moja: kabla ya ushahidi kuna lile neno la shimo. Nani atakubali watu walisikie mara ya pili, mbele yake? Nikataka kutoa kicheko tu, nibakize maneno ya Bukavu. Kumwomba Papa Eliya haikuwezekana, si yeye aliyeniiga? Nikajifanyia mwenyewe. Kwani mimi nilifundishwa na nani kuendesha depo?

Nikashikilia kitufe cha kufuta. Kioo kikaniuliza swali kwa Kifaransa, maneno madogo kama sisimizi. Chini yake pameandikwa Oui na Non, ndiyo na hapana.

Mtu kama mimi habonyezi Non.

Vinukta vikatembea kwenye kioo, vikatembea, vikaacha. Nikatafuta kicheko, hakipo. Nikafurahi! Nikatafuta maneno ya Bukavu, hayapo. Nikatafuta nyimbo. Sifuri. Nikatoa betri, nikarudisha. Nikakitikisa. Nikakipuliza kama radio ya zamani. Sifuri.

Mungu wangu!

Hapo ningekimbia kwa fundi, pengine leo nisingekuwa naandika haya. Fundi mmoja wa Kamembe alinieleza baadaye kwamba sauti iliyofutwa hubaki chini kwa muda, kama rangi ya zamani chini ya rangi mpya, mradi usirekodi juu yake. Mimi nilifanya nini? Niliogopa mtu asione ile sifuri. Nikawasha nikarekodi barabara, nikarekodi radio, nikarekodi vijana wakishusha magunia, pu, pu, pu, mpaka namba kwenye kioo ikaonekana ya heshima. Nilimfunika Papa Zawadi kwa kelele za simenti yangu!

Na sikuishia hapo. Siku ya zoezi nikasimama mbele ya kwaya, chombo mkononi, nikamnyooshea Maman Zawadi kidole. Nikasema nina ushahidi humu kwamba anapeleka nyimbo zetu Bukavu.

Hakulia. Akasema: "Fungua basi, Prezida. Tusikie wote."

"Siwezi kufungua. Humu mna maneno mabaya."

"Maneno ya nani?"

"Yako!"

"Kama ni yangu, nimeshayasema. Aibu ni yangu. Fungua."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, hakibonyezi. Papa Eliya aliangalia kidole, akaangalia uso wangu. Nadhani pale pale alianza kuelewa. Nikapiga meza, nikasema mimi ndiye prezida, na kuanzia leo huyu mama si wa kwaya hii. Akavua kitambaa cha sare shingoni, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya kiti. Kiti changu. Akatoka.

Baadaye Papa Eliya alinifuata depo.

"Unajua Bukavu alikuwa anaenda kwa nani?"

"Kwa kaka yake."

"Kwa mama mukwe. Yule mukongwe miguu imekufa, hakuvuka hata siku ya kuzika mutoto wake. Maman Zawadi alitaka kumwimbia nyimbo za mutoto wake, pale kwa kitanda. Alitueleza siye wote, nyuma yako. Si ulirekodi? Hukusikia?"

Ningesema nini? Kwamba nilichomoa vile vijiti?

Siku ya kuondoa kilio ikafika. Nkanka, turubai limefungwa kati ya migomba, ziwa linaonekana chini. Nilivaa suti. Nilitaka kujifanya mgonjwa nikashindwa, maana simenti ya kaburi nilitoa mimi na kila mtu alijua nitakuja kusifiwa. Watu wakala, wakaomba. Kisha Maman Zawadi akasimama mbele yangu na watoto wake, amevaa nguo mpya, amenyoa nywele za kilio. Aliongea nami kwa heshima, kama vile sikuwahi kumfukuza.

"Prezida, ni leo. Unipe kitu yangu."

Nilikuwa na uongo tayari. Betri, mwizi, maji. Nilikuwa nimeupanga njiani. Lakini watoto walikuwa wamekaza macho kwenye mfuko wa shati langu, mdogo amekwisha kufunga macho ili asikie vizuri.

Nikasema: "Haipo. Nilifuta. Nilifuta zote."

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangenipiga! Maman Zawadi akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Basi uimbe weye."

"Mimi sijui kuimba, Maman."

"Hata vibaya. Ni weye peke ulisikia. Alisema nini? Ilianza namna gani?"

Nikafungua mdomo. Nikatafuta. Nikaona vidole vyake kwenye gitaa, nikaona kialama cha betri. Wimbo wenyewe, hata neno moja, hata mwendo wake, hakuna! Niliketi pale huku mtu akimwaga roho yake, na mimi nalinda betri. Nikabaki mdomo wazi mbele ya mjane na watoto wake, mtu mzima mwenye suti.

Akangoja. Akangoja sana. Kisha akawashika watoto mikono.

Leo anaimba katika kwaya ya kaka yake, kule Bukavu. Nyimbo za mume wake alizibeba kichwani, anaimba kule, na watu wa kule wanazipenda. Hata wanawake wa nyanya pale mpakani wanaziimba wakingoja kuvuka. Kwa hiyo nyimbo zetu zilivuka. Mimi mwenyewe nilizifungulia njia! Kwaya yetu imebaki nusu. Uprezida nimeuacha kabla hawajaninyang'anya, na Papa Eliya sasa amezirekodi upya nyimbo chache zilizobaki vichwani mwa waimbaji, ziko kwenye mashine yake, kwenye flashi, na nyingine nyumbani kwa kila aliyeomba.

Ninyi mnaosoma, wenye sauti ya mzazi au ya mtoto ndani ya simu au chombo chochote: igaweni leo. Mpe dada, mpe shemeji, mpe hata yule unayemshuku. Ukibaki nayo peke yako huilindi, unaiweka chini ya kidole chako kimoja. Na mtu akikuimbia, acha kuangalia betri, msikilize!

Mara nyingine najifungia garini, vioo juu, nafunga macho, naomba wimbo ule urudi hata mwanzo wake tu. Mwanzo unakuja kweli, kila mara ni huo huo: "Hapa ni prezida, mimi ndiye niliyenunua chombo hiki." Baada ya hapo ni kimya.