Sahani Iliyorudi na Viboga

Mimi si mtu wa kutoka. Nashona kofia nyumbani Kuze, mji wa kale wa kisiwa chetu, na safari yangu kubwa ni kwenda Biashara Street kununua uzi. Ganjoni, anakokaa dada yangu, kwangu ni ng'ambo. Kwa hiyo ule mti sikuutafuta mimi. Dada aliuleta mpaka mlangoni, ndani ya kopo la rangi.

"Huu hautaki kazi," alisema. "Ndiyo maana nimekuletea wewe."

Aliununua kwa wauza miche wa barabarani, ambao walimwambia asili yake ni Amerika ya Kusini. Niliuweka juu ya nyumba, tunapoanika nguo, nikausahau, nao kwa kusahauliwa ukanenepa. Ukawa kichaka cha kunifika kifuani, ukazaa matunda mekundu ya ukubwa wa gololi, yenye mbavu mfano wa boga. Mtaa ukayaita viboga. Kiboga chekundu ni kikali na kina harufu ya utomvu. Ukikingoja kiwe cheusi, ni kitamu, na ndani kina kokwa.

Mtaani kwetu, jirani akikuletea chakula, si adabu kumrudishia sahani tupu. Tangu mamangu afariki, mama jirani, ambaye jiko lake limegusana na ukuta wangu, huniletea chakula cha jioni karibu kila siku. Mimi nisichokijua kukipika ni kila kitu isipokuwa chai. Nilikuwa nikirudisha sahani na sukari, mara nyingine tena sukari, mpaka akaniuliza kama nimefungua duka.

Viboga viliniokoa. Sahani ya samaki wa kupaka ilirudi na viboga, ya mkate wa sinia ilirudi na viboga, na Ramadhani tatu zikapita hivyo. Vilivyomshinda, naye aliwarudishia majirani wengine kwenye sahani zao. Watu wakala barazani na madirishani, kokwa wakatema walipokaa. Ndege nao hawakungoja sahani.

Mche wa kwanza uliota kwenye ufa wa ngazi yangu, nikaona fahari. Baadaye ukaota kundi zima kwenye kiwanja cha nyumba iliyobomoka nyuma ya madrasa, na kile kivumbasi tulichozoea kuchuma pale kikatoweka.

Halafu siku moja mama jirani akaja mwenyewe, mikono mitupu. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu.

"Mwanangu, ndoo uone," alisema, akanitangulia jikoni kwake.

Mche ulikuwa umejipenyeza kati ya mawe ya ukuta wa jiko lake. Chokaa ilikuwa imebanduka, kipande kikubwa kama sinia, na mvua imeingia mpaka kwenye mchele. Mkwewe alikuwa amesimama pale, mtu wa bara, kazi yake ni mambo ya mimea. Alichuma jani moja la mche, akalinusa.

"Kuna visiwa waliupanda huu uwe ua wa kuzungushia nyumba, na watu wapate kula matunda," alisema. "Ndege wakaupeleka msituni. Sasa umesongamana, miti ya kwao haina pa kuchipukia. Sisemi hapa umefika huko. Nasema hiki nacho ni kisiwa."

"Kunguru pia waliletwa," nilimjibu, "na mbona twakaa nao?"

"Twakaa nao kwa kuwa wametushinda," mama jirani alisema. "Usitusifu kwa ukarimu." Kisha akanigeukia. "Mti ni wako, mimi sikukatazi. Lakini jiko likianguka, mwanangu, nitapika wapi?"

Visiwa vya watu sikuvijua. Jioni bila sahani niliijua vizuri. Siku ile ile niliazima panga nikapanda juu, nikakata, nikang'oa na shina, nikapata malengelenge ya wiki nzima. Dada aliposikia kwenye simu alicheka mpaka akakohoa. "Hata usiotaka kazi umekutia kazini."

Fundi alipokuwa akikanda chokaa jikoni kwa mama jirani, mimi nilikula mkate kwa chai. Niliwahi hata kukaanga yai, lakini tuliache. Kisha jioni moja sahani ikaja: wali wa nazi, kuku, na pembeni achari nyekundu. Niliionja. Nilisogea dirishani nikamwita.

"Mama, hivi viboga umevipata wapi?"

"Kwa dadangu, Kibokoni. Alipanda kokwa za vile ulivyonipa." Sauti yake haikuwa na aibu yoyote. "Kule hakuna jiko karibu. Kula, kabla wali haujapoa."

Nilikula. Sijapata kula achari nzuri kama ile, na nikafuta sahani kwa kidole. Zilibaki kokwa kiganjani. Ndege wawili walikuwa wametua kwenye waya, mkabala nami. Nilifunga dirisha, nikaziweka kokwa kwenye makaa ya seredani, nikakaa kuzilinda. Zilichukua muda kuungua.