Meza Niliyoikalia kwa Hasira

Wenzangu, bado natembea nimejiinamia. Meza yetu dhaifu ilivunjika mguu, ugali ukaenda chini, na mwanangu Sele akapasuka paji la uso kwenye kona ya meza. Nikamwambia baba yake atafute meza ya maana, akanijibu, "Subiri." Mimi kusubiri sikujaliwa. Juzi nikajifunga kitenge, nikamshika Sele mkono mpaka kwa fundi seremala hapa Morogoro mjini.

Nikaiona: meza ya mbao ngumu ya mkongo, miguu minene, kona zimezungushwa.

"Hiyo ina mwenyewe, dada," fundi akasema.

"Mwenyewe ni mimi!" Nikapanda, nikaikalia katikati. "Njoo unishushe."

"Shuka, dada. Vanishi haijakau..."

"Usiniletee habari za vanishi! Huyo mwenyewe mwambie mkewe aendelee kula kwenye mkeka!"

Fundi akakuna kichwa. "Na yeye ana mtoto. Ndiyo maana kaniambia nizungushe kona. Anasema mwanawe aliumia, na mkewe hajalala vizuri tangu siku hiyo."

Nikalitazama kovu la Sele. Hasira yote ikaniishia.

"Baba!" Sele akaita, akakimbilia mlangoni.

Mume wangu alikuwa amesimama pale na brashi mkononi. Kumbe kila akitoka kazini alipitia hapo kumsaidia fundi.

"Mama Sele," akasema taratibu, "nilitaka uione ikiwa imekauka."

Nikaruka chini nimkumbatie. Kitenge kikabaki kimenata mezani.